Marcello Malpighi, Tabibu Aliyeiona Njia ya Damu

Kila mwanafunzi wa Kasese na Bwera aujua mlima wa Rwenzori, na wengi wajua ya kuwa kilele chake kirefu kuliko vyote, chenye urefu wa mita 5,109, huitwa Margherita, kwa jina la malkia wa Italia. Jina hilo lilitolewa mwaka 1906 na Mwitalia Luigi wa Savoia, alipofika huko juu pamoja na wenziwe. Lakini liko jina jingine la Kiitalia ambalo hatulichukui mlimani, bali ndani ya miili yetu wenyewe. Mwanafunzi akipasua mende darasani huonyeshwa mirija ya Malpighi. Akisoma habari za figo hukuta vifundo vya Malpighi. Akisoma habari za ngozi hukuta tabaka ya Malpighi. Wengi huliandika jina hilo katika mitihani yao, kisha hulisahau, wala hawaulizi mwenye jina alikuwa nani.

Basi leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu maisha ya mtu huyo, na hasa kazi moja aliyoitangaza mwaka 1661, iliyofumbua fumbo kubwa la damu ya mwanadamu.

Marcello Malpighi alizaliwa mwezi wa Machi mwaka 1628 huko Crevalcore, mji mdogo ulio karibu na mji mkubwa wa Bologna, kaskazini ya Italia. Wazazi wake hawakuwa matajiri wakubwa, lakini walikuwa na ardhi yao. Mwaka huohuo, mbali katika nchi ya Ujerumani, mjini Frankfurt, kilipigwa chapa kitabu kidogo cha tabibu Mwingereza, jina lake William Harvey. Mtoto na kitabu vilitokea duniani mwaka mmoja, na kama tutakavyoona, mtoto huyo ndiye aliyekuja kujibu swali ambalo kitabu kile kiliacha bila jibu.

Mwaka 1646 Marcello aliingia chuo kikuu cha Bologna, kimojawapo cha vyuo vya kale kuliko vyote katika Ulaya. Alikuwa kijana wa karibu miaka 18. Masomo yake yalikuwa yakiendelea vizuri, ndipo msiba ulipomwangukia. Katika mwaka 1649 baba yake alifariki, na mama yake, na bibi yake mzaa baba, wote katika mwaka mmoja. Marcello alikuwa kifungua mimba, kwa hiyo wadogo zake wote walibaki mikononi mwake. Ilimbidi aache masomo kwa muda arudi nyumbani kuangalia mambo ya jamaa yake. Wako wanafunzi wengi wa nchi yetu ambao wataielewa hali hiyo pasipo kuelezwa zaidi.

Tena palikuwa na jambo jingine lililowasumbua, nalo ni ugomvi wa mpaka. Shamba la akina Malpighi lilipakana na shamba la jamaa iliyoitwa Sbaraglia, na watu wa nyumba hizi mbili hawakupatana juu ya mahali mpaka ulipopita. Ugomvi huo haukuisha upesi. Baada ya miaka kadhaa ndugu yake Marcello alimwua mtu mmoja wa jamaa ya Sbaraglia, na tangu hapo ule ugomvi wa ardhi ukawa uadui wa damu. Msomaji na alishike jina hilo la Sbaraglia, maana tutalikuta tena.

Mambo ya nyumbani yalipotulia kidogo, Marcello alirudi chuoni, na mwaka 1653 akapata shahada yake ya utabibu na falsafa. Katika siku hizo alikuwa na bahati ya kupata mwalimu mwema, Bartolomeo Massari. Mwalimu huyu hakuridhika na kuwasomea wanafunzi vitabu vya kale tu. Aliwakusanya vijana wachache nyumbani kwake, wakapasua wanyama, na mara nyingine maiti za watu, wapate kuona kwa macho yao wenyewe mambo yaliyoandikwa. Malpighi alikuwa mmoja wao, naye alipendwa sana katika nyumba ile, hata akamwoa Francesca, dada yake Massari.

Mwaka 1656 aliitwa kufundisha katika chuo kikuu cha Pisa. Huko alikutana na Giovanni Alfonso Borelli, mwalimu wa hesabu aliyemzidi umri kwa miaka 20. Wakawa marafiki. Borelli alimfundisha kuutazama mwili kama mashine ambayo kila kipande chake kina kazi inayoweza kuelezwa. Naye Malpighi alimfundisha Borelli kupasua. Lakini hali ya hewa ya Pisa haikumfaa, na afya yake haikuwa nzuri. Mwaka 1659 alirudi Bologna. Hata hivyo urafiki wao haukukatika, maana waliandikiana barua mara kwa mara, na katika barua hizo ndimo ilimotoka habari tunayotaka kuieleza.

Kwanza yatupasa kueleza fumbo lenyewe lilikuwa nini.

Kwa muda wa miaka zaidi ya 1,400 matabibu wa Ulaya na wa nchi za Kiarabu walifuata mafundisho ya Galen, tabibu Myunani aliyeishi katika karne ya pili. Galen alifundisha kwamba damu hutengenezwa katika ini kutokana na chakula, kisha huenda sehemu zote za mwili, na huko hunywewa na nyama ikaisha. Anayetaka kuelewa fikira hiyo na atazame mifereji ya Mubuku hapa Kasese. Maji hutoka mtoni, yakapita katika mfereji mkubwa, kisha katika mifereji midogo, mwisho yakaingia shambani, na udongo ukayanywa. Hapana mtu angojeaye maji yale yarudi juu mtoni kwa njia nyingine. Hivyo ndivyo watu walivyodhani juu ya damu. Tena Galen alifundisha ya kuwa damu nyingine hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda upande wa kushoto, kwa vitundu visivyoonekana vilivyo katika ukuta wa katikati.

Mtu wa kwanza tumjuaye aliyekataa jambo hilo la vitundu alikuwa Ibn al-Nafis, tabibu mzaliwa wa Damascus aliyefanya kazi Kairo, naye alifariki mwaka 1288. Aliandika wazi kwamba ukuta wa moyo hauna vitundu, na kwamba damu hutoka upande wa kulia ikapita katika mapafu, ikachanganyika na hewa, ndipo ikarudi upande wa kushoto. Kwa bahati mbaya maandishi yake yalisahauliwa mpaka karne ya 20, yalipogunduliwa tena katika maktaba ya Berlin mwaka 1924.

Kisha alikuja Harvey. Huyu alifanya hesabu rahisi ambayo kila mwanafunzi wa shule anaiweza. Alikadiria damu inayotupwa nje kwa pigo moja la moyo, akaizidisha kwa mapigo ya nusu saa, akaona ya kuwa jumla yake yapita damu yote iliyomo mwilini. Basi damu nyingi hivyo hutoka wapi? Haiwezekani ini liitengeneze kwa chakula, maana hapana mtu awezaye kula chakula kingi namna hiyo. Tena haiwezekani nyama iinywe yote, maana mwili ungepasuka. Jibu lilikuwa moja tu: damu hurudi. Hutoka moyoni kwa mishipa iitwayo ateri, ikarudi moyoni kwa mishipa iitwayo vena, ikazunguka daima. Harvey alifunga mikono ya watu kwa kitambaa, akawaonyesha wote jinsi vena zinavyovimba chini ya kitambaa, na jinsi vilango vidogo vilivyomo ndani yake vinavyoiachia damu njia ya kwenda moyoni tu.

Lakini palikuwa na pengo. Harvey aliona ateri zikigawanyika matawi, na matawi yakigawanyika vitawi, mpaka macho yake yakashindwa. Aliona vena nazo zikianza kama vijuzi vidogo na kuungana kuwa mishipa mikubwa. Lakini baina ya mwisho wa ateri na mwanzo wa vena palikuwa na nini? Hakuona. Alijua kwa akili ya kuwa damu lazima ipite, akakisia kwamba hupenya katika matundu ya nyama. Adui zake walimpinga kwa pengo hilo. Harvey alifariki mwaka 1657 bila kuiona njia ile. Malpighi wakati huo alikuwa na miaka 29, akifundisha Pisa.

Basi aliporudi Bologna, Malpighi alianza kuyachunguza mapafu. Chombo chake kilikuwa hadubini, yaani darubini ya kukuzia vitu vidogo. Chombo hicho kilikuwa bado kigeni katika siku hizo, na vioo vyake vilikuwa vibovu kuliko vya hadubini hafifu kabisa ya shule zetu za leo. Watu wengi walikitumia kwa kujifurahisha tu, kutazama kiroboto au jicho la nzi. Malpighi alikitumia kwa kuuliza swali.

Alianza na mapafu ya mbwa. Aliyaosha damu kwa maji, akayajaza hewa, akayakausha, akayatazama. Akaona kwamba mapafu si nyama iliyolowa damu, kama watu walivyodhani, bali ni vifuko vidogo vingi vya hewa vyenye ngozi nyembamba. Lakini mishipa iliyomo katika ngozi hiyo ilikuwa midogo mno, nayo imesongamana, hata hakuweza kuona mwisho wake. Mtu mwingine angeishia hapo. Yeye alifikiri hivi: kama jambo haliwezi kuonekana kwa mnyama mkubwa aliye na viungo vingi vya kutatanisha, huenda likaonekana kwa mnyama mdogo aliye na viungo vyepesi. Akamchukua chura.

Sote twawajua vyura, wale tuwasikiao usiku kandokando ya mto Lhubiriha baada ya mvua. Hapana mtu awahesabuye kuwa ni viumbe vya thamani. Lakini pafu la chura ni kama mfuko mmoja mwembamba, na ngozi yake hupitisha nuru. Malpighi alilitazama katika chura aliye hai bado, akaiona damu ikienda. Katika ateri ilikuwa ikikimbia upande huu, na katika vena upande ule, nayo iligawanyika katika vijito vingi vyembamba. Walakini bado hakutosheka, maana hakujua kama vijito hivyo vilikuwa ndani ya mirija, au kama damu ilimwagika wazi katika nafasi za nyama. Akalikausha pafu, akaliweka kwenye nuru, akalitazama tena. Ndipo alipoona wazi. Damu ilikuwa imebaki ndani ya mirija midogo mno, iliyoungana kama nyuzi za wavu, na mirija hiyo ilitoka katika ateri ikaingia katika vena pasipo kukatika. Alitumia vyura wengi sana kabla ya kuwa na hakika. Mwisho alimwandikia Borelli barua mbili kueleza yote, nazo zilichapwa Bologna mwaka 1661. Pengo la Harvey lilikuwa limezibwa, miaka minne baada ya kifo chake.

Mirija hiyo siku hizi huitwa kapilari, kwa neno la Kilatini lenye maana ya unywele, ijapokuwa ni myembamba kuliko unywele. Upana wa kapilari ni kama sehemu 5 mpaka 10 za milimita iliyogawanywa mara elfu. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa sehemu 7 au 8 za namna hiyo. Kwa hiyo katika kapilari nyingi chembe hupita moja moja, zikifuatana kama watu wapitao katika njia nyembamba ya mlimani, na mara nyingine hujikunja ili zipate kupita.

Tueleze kidogo jinsi mishipa ilivyojengwa, kama ijulikanavyo leo. Ukuta wa ateri una tabaka tatu. Ya ndani ni seli bapa na laini, zilizopangwa karibu karibu kama vigae. Ya kati ni misuli pamoja na nyuzi zinazovutika na kurudi, na hizo ndizo zinazotanuka kwa kila pigo tulisikialo tukishika kifundo cha mkono. Ya nje ni nyuzi ngumu za kulinda. Vena nayo ina tabaka tatu, lakini ukuta wake ni mwembamba zaidi, kwa sababu nguvu ya damu imekwisha pungua inapofika huko. Kapilari haina tabaka tatu. Inayo ile ya ndani tu, yaani seli moja kwa unene, na chini yake ngozi nyembamba kabisa ya kuishikilia.

Hapo ndipo kazi yote inapofanyika. Ateri ni barabara ya kwendea, na vena ni barabara ya kurudia, lakini katika barabara hizo damu haimpi mtu kitu. Ni katika kapilari tu, mahali ukuta ulipo mwembamba kiasi hicho, ambapo oksijeni na chakula huweza kutoka kuingia mwilini, na takataka huweza kuingia katika damu. Kwa sababu hiyo damu hupita hapo polepole, karibu milimita moja au chini yake kwa sekunde, ipate nafasi ya kutoa na kupokea. Tena misuli ya ateri ndogo hukaza au kulegea, ili kupeleka damu nyingi mahali penye kazi nyingi. Mdenmaki August Krogh alionyesha jinsi kapilari zinavyofunguka katika misuli inayofanya kazi, naye akapata tuzo ya Nobel mwaka 1920 kwa uchunguzi huo. Mchezaji wetu wa mpira akikimbia uwanjani, maelfu ya njia hizo hufunguka miguuni mwake bila yeye kujua.

Turudi kwa Malpighi. Mwaka 1662 alikwenda kufundisha Messina, katika kisiwa cha Sicily, akakaa huko miaka minne. Alichunguza ulimi, ubongo, ngozi na mafuta ya mwili. Mwaka 1665 aliandika kwamba ameona vijidonge vyekundu katika mshipa wa damu wa nungunungu mdogo wa Ulaya, akadhani ni vidonge vya mafuta. Kumbe zilikuwa chembe nyekundu za damu! Hata mtu mwenye jicho kali kama yeye aliweza kuona kitu asikitambue. Aliporudi Bologna mwaka 1666 alitoa kitabu juu ya ini, figo na wengu, na humo ndimo alimoeleza vile vifundo vya figo vinavyochukua jina lake mpaka leo, navyo si kitu kingine ila mafungu ya kapilari yanayochuja damu.

Sifa zake zilienea mbali. Chama cha Kifalme cha elimu cha London kilimwandikia kumwomba awe akikipelekea habari za uchunguzi wake, na mwaka 1669 kikamfanya kuwa mwanachama na kuchapa kitabu chake juu ya nondo wa hariri. Baadaye aliandika juu ya kifaranga anavyokua ndani ya yai, na juu ya miti na majani.

Lakini katika mji wake mwenyewe mambo yalikuwa magumu. Matabibu wengi wa Bologna walishikamana na Galen, nao walimchukia. Mwaka 1684 nyumba yake iliungua, akapoteza hadubini zake na maandishi ya miaka mingi. Kisha mwaka 1689 kilitoka kitabu cha kumshambulia, kilichoandikwa na mwalimu mwenzake wa chuo, Giovanni Girolamo Sbaraglia, mtu wa jamaa ile ile ya ugomvi wa mpaka. Huyu hakusema kwamba Malpighi ameona uongo. Alisema neno lililo zito zaidi, ya kuwa uchunguzi wa namna hiyo haufai kitu. Mgonjwa akiwa na homa, tabibu atafaidiwa nini na kujua vijirija vya pafu la chura? Dawa ni zile zile, na mgonjwa atapona au atakufa vile vile.

Haifai tulicheke swali hilo. Katika siku zile lilikuwa swali la haki, na kwa kweli Malpighi hakuwa na mgonjwa hata mmoja wa kumwonyesha ambaye aliponywa kwa sababu ya kapilari. Aliandika jibu refu, akieleza kwamba tabibu asiyejua jinsi mwili uzima unavyofanya kazi hawezi kujua umeharibika wapi unapougua, na kwamba elimu ya leo ni mbegu ya dawa ya kesho. Jibu hilo lilichapwa baada ya kufa kwake.

Mwaka 1691 Papa Inosenti wa 12 alimwita Roma awe tabibu wake. Malpighi alikuwa amechoka na mgonjwa, naye hakutamani makuu, lakini alikwenda. Mwishoni mwa mwezi wa Novemba mwaka 1694 alifariki humo katika jumba la Papa, mwenye umri wa miaka 66. Maiti yake ilipopasuliwa, palionekana damu iliyomwagika ndani ya ubongo. Mshipa ulikuwa umepasuka. Mtu aliyewaonyesha watu wote mishipa midogo ya damu aliuawa na mshipa wa damu, wala hapakuwa na tabibu duniani wakati ule aliyeweza kumsaidia. Alizikwa Bologna.

Je, Sbaraglia alisema kweli? Na tulitazame jibu papa hapa petu, maana lipo.

Katika malaria ile kali, chembe nyekundu zilizoingiwa na wadudu wa ugonjwa hunata katika kuta za kapilari. Zikinata katika kapilari za ubongo, mtoto huzimia, na ndiyo sababu wauguzi hutuhimiza tusingoje siku tatu nyumbani. Katika ugonjwa wa selimundu, chembe nyekundu hukakamaa na kupinda kama mundu, hata haziwezi kujikunja na kupita katika njia ile nyembamba. Njia huziba, na mgonjwa hupata maumivu makali ya mifupa. Mwaka 1949 wataalamu Lehmann na Raper walitangaza kwamba kati ya makabila waliyoyapima katika Uganda, Waamba, jirani zetu wa ng'ambo ya Rwenzori, ndio waliokuwa na watu wengi kuliko wote waliorithi dalili ya damu hiyo, ingawa wengi wa wanaoirithi kwa mzazi mmoja tu huishi wakiwa wazima.

Na mwezi wa Juni mwaka 2019 ugonjwa wa Ebola ulivuka mpaka kutoka Kongo. Wizara ya Afya iliutangaza tarehe 11, na wagonjwa walitunzwa katika hospitali ya Bwera. Wengi wetu twazikumbuka siku hizo, tulipoacha kupeana mikono na kupimwa joto pale Mpondwe. Ebola huuvuruga mwili hata kuta za mishipa midogo hulegea. Maji ya damu huvuja, nguvu ya damu hushuka, na viungo hukosa kulishwa. Kwa hiyo mojawapo ya kazi kubwa za muuguzi, aliyevaa mavazi yale mazito ya kujikinga, ni kumrudishia mgonjwa maji na chumvi kwa kipimo. Akitia machache, mgonjwa hufa kwa kukauka. Akitia mengi, yatavuja na kujaza mapafu. Kipimo hicho chategemea kuujua ukuta ule wa seli moja, ambao habari zake zilianza kwa pafu la chura mwaka 1661.

Naam, wasomaji, wako miongoni mwenu watakaokuwa wauguzi na matabibu wa Bwera, Kagando na Kilembe, na wako miongoni mwa wanafunzi wa zamani walio katika kazi hiyo sasa. Harvey alijua kwa hesabu kwamba njia ya damu lazima iwepo. Malpighi aliiona kwa macho, kwa kuwa alivumilia, na kwa kuwa hakumdharau chura. Kwa hiyo siku mwalimu atakapoweka hadubini mezani na kumwita kila mmoja atazame kwa zamu, msitazame kwa haraka ili kumpisha mwenzenu. Tazameni, chora mlichokiona, kisha ulizeni ni cha kazi gani.